Zabibu ya Makutupora Yastahili Chupa Yake Yenyewe

Wiki chache zilizopita shemeji yangu alikuja Nairobi kwa basi kutoka Dodoma. Alipita Kondoa, Babati, Arusha na Namanga, akafika kwangu Laini Saba amechoka, mkononi ana kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na chupa mbili za divai nyekundu, zimeviringishwa katika gazeti ili zisigongane njiani. Chupa ya kwanza ilikuwa na karatasi nzuri iliyosema kwamba hii ni divai nyekundu tamu, basi. Chupa ya pili ilitoka kwa mtengenezaji mdogo wa huko, aliyeitengeneza kwa zabibu ya namna moja tu, ile iitwayo Makutupora nyekundu. Jina hilo lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu.

Shemeji hakuja kutembea tu. Ana ekari moja ya mizabibu huko Mpunguzi, na alitaka shauri langu, maana mimi nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Msimu uliopita sehemu ya zabibu zake iliharibika ikingoja mnunuzi. Aliniuliza, "Shemeji, niing'oe mizabibu nipande alizeti, au nivumilie?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengi watashangaa kwamba mtu wa Laini Saba, mahali pasipo na nafasi ya kupanda hata sukuma wiki isipokuwa ndani ya gunia, aandike habari za mizabibu. Lakini wengi wetu tunaokaa hapa tuna mashamba kwetu tulikotoka, na mazao ya wakulima huishia mikononi mwa watu wa mjini kama sisi. Mnunuzi asiyejua anunuacho humwumiza mkulima bila kujua.

Kwanza yafaa nieleze zabibu hii ni nini. Makutupora ni mahali kaskazini ya mji wa Dodoma, mahali penye maji mengi chini ya ardhi. Visima vya hapo ndivyo vilivyokuwa vikiunywesha mji huo tangu zamani. Hapo pana kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho siku hizi ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Zabibu nyekundu iliyochukua jina la mahali hapo ndiyo ipandwayo zaidi na wakulima wadogo wa Dodoma. Ziko namna nyingine pia, kama Chenin Blanc iliyo nyeupe, na Syrah, Aglianico na Teroldego zilizo nyekundu. Hizo zinajulikana duniani kwa majina yao. Makutupora haijulikani, ingawa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake ni haba, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena hunyesha katika miezi michache tu tangu Desemba hadi Aprili. Mahindi huteseka sana huko, lakini mzabibu hupenda jua na hewa kavu. Tena kuna jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalijui katika mashamba yao. Kwao mzabibu hulala wakati wa baridi, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima huuamsha mzabibu mwenyewe kwa kuupogolea. Akiisha kuupogolea, mzabibu huchipua, na baada ya miezi minne au zaidi kidogo vichala huwa tayari. Hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka: mara moja karibu na Februari na Machi, na mara ya pili karibu na Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili si sawa. Yale ya wakati wa mvua hupata maji mengi, na ugonjwa wa ubwiri unga na ukungu mwingine huyashambulia. Yale ya kiangazi huwa na sukari zaidi na afya zaidi, lakini mkulima lazima awe na maji ya kumwagilia. Ndiyo sababu mashamba yenye mabomba ya matone, kama lile la Chinangali katika wilaya ya Chamwino, yalianzishwa kuwasaidia wakulima wadogo. Nayaeleza haya ili msomaji aone kwamba zabibu hii haioti yenyewe kama mpera wa njiani. Ni kazi ya mkasi, ya jembe, ya dawa, ya kupigana na mchwa, na ya kuchota maji, mara mbili kila mwaka.

Sasa turudi kwenye chupa mbili. Jumamosi jioni niliwaita majirani watatu: fundi viatu, mwalimu mmoja, na mama mwenye kibanda cha chakula karibu na reli. Jirani yangu mwingine, mzee Mnubi, hanywi kileo kwa dini yake, naye alikaa nasi akinywa chai, akawa mwamuzi. Tuliziweka chupa katika karai la maji baridi, maana joto la mabati huiharibu divai, kisha nikamimina kidogo kidogo katika bilauri.

Chupa ya kwanza waliisifu mara moja. Ilikuwa tamu kama sharubati. Fundi viatu alisema, "Hii ni nzuri, mzee, lakini ni nzuri kama soda." Nilipomwuliza imetengenezwa kwa zabibu gani, hakuweza kujua, wala mimi sikuweza. Huenda Makutupora ilikuwamo, huenda ilikuwa na nyingine tatu. Sukari ilikuwa imekwisha kufunika kila kitu.

Chupa ya pili ilikuwa kavu. Mwalimu alikunja uso akasema ina uchachu wa ukwaju. Lakini yule mama alileta sahani ya matumbo ya kukaanga, akatuambia tule kwanza ndipo tunywe. Kweli, tulipofanya hivyo mambo yaligeuka. Ule uchachu ulikata mafuta ya nyama, na nyuma yake tukaonja kitu kama zambarau iliyoiva, na ukakasi mdogo ulioshika ulimi, si mwingi wa kuudhi. Haikuwa divai nzito. Ilikuwa nyepesi, safi, nayo ilikuwa na tabia yake. Mwalimu akaomba tena. Yule mzee mwamuzi akasema, "Basi hii ya pili mnaizungumza. Ile ya kwanza mliinywa tu." Sijasikia hukumu iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa nini divai ya zabibu moja husema namna hiyo? Ukiipasua zabibu nyekundu utaona kwamba maji yake, katika namna nyingi, karibu hayana rangi. Rangi imo katika ganda. Mtengenezaji huziponda zabibu nyekundu na kuziacha zichachuke pamoja na maganda na kokwa zake. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo, na kileo hicho huivuta rangi na ukakasi kutoka katika ganda. Kwa hiyo karibu kila kitu kilichomo katika divai nyekundu kavu hutoka katika zabibu yenyewe: ganda lake, kokwa zake, sukari yake na uchachu wake. Ikiwa mkulima alivuna mapema mno, divai itasema. Ikiwa vichala vilikuwa na ukungu, divai itasema. Ukitia sukari nyingi na kuchanganya na vitu vingine, umeifunga kinywa.

Hapa naona kosa linalofanyika, nalo si kosa la mtu mmoja. Wakulima wengi wa Dodoma huuza zabibu zao kwa kilo, au huuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda. Mchuzi huo hutiwa katika matangi pamoja na mchuzi wa watu wengine, na hapo jina la zabibu hupotea, jina la kijiji hupotea, na bidii ya yule aliyevuna vizuri hulipwa sawasawa na uvivu wa yule aliyevuna vibaya. Zabibu haingoji. Ikiisha kuiva ni siku chache tu, na mnunuzi anajua hivyo. Mkulima asiye na tangi wala jina hana la kujibu anapotajiwa bei ndogo.

Wakenya hatuna haki ya kulicheka jambo hili, maana sisi wenyewe tumejifunza thamani ya jina katika kahawa. Wataalamu wa maabara ya Scott huko Kabete waliichagua kahawa iitwayo SL28 mwaka 1935, kutokana na mti mmoja katika miche iliyotoka Tanganyika, iliyosifiwa kwa kuvumilia ukame. Leo wanunuzi wa ng'ambo huitaja SL28 kwa jina na huilipia kwa jina. Kama tungaliichanganya siku zote na kahawa nyingine na kuiita "kahawa nyeusi", nani angaliijua? Mti ule ulitoka kwa jirani zetu, ukapata jina kwetu. Si ajabu basi kama sisi nasi tukisaidia zabibu yao ipate jina.

Iko mifano mingine ya mbali. Mwaka 1925, huko Stellenbosch katika Afrika ya Kusini, Profesa Abraham Perold alichanganya mbegu za zabibu mbili za Ufaransa, Pinot Noir na Cinsaut, akapata zabibu mpya iliyoitwa Pinotage. Kwa miaka mingi watu hawakuijali. Mwaka 1959 divai ya Pinotage ilishinda katika maonyesho ya divai ya Rasi, na mwaka 1961 chupa za kwanza zenye jina la Pinotage juu yake ziliuzwa chini ya chapa ya Lanzerac. Tangu hapo zabibu hiyo ikawa fahari ya nchi ile. Wako wanaoipenda na wako wanaoichukia, lakini hakuna mnywaji wa divai asiyejua kwamba ipo.

Mfano wa pili ni wa Chile. Kulikuwa na zabibu ya Bordeaux iitwayo Carmenère, ambayo ilikaribia kutoweka Ufaransa baada ya wadudu wa mizizi kuiangamiza mizabibu katika karne ya 19. Huko Chile wakulima walikuwa nayo mashambani bila kujua, wakidhani ni Merlot, wakiivuna pamoja na Merlot na kuitia katika pipa moja. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliitambua. Wakulima wakaanza kuivuna peke yake, kwa wakati wake, maana huchelewa kuiva kuliko Merlot. Tazameni jambo hilo: hawakupata mche mpya wala shamba jipya. Walipata jina, na jina likawafundisha siku ya kuvuna.

Najua wako watakaonipinga. Watasema kwamba divai nyingi zilizo bora duniani ni za mchanganyiko, nao watakuwa wamesema kweli. Bordeaux yenyewe huchanganya. Lakini wale hulijua kila pipa kwa tabia yake kabla ya kulichanganya, kama mpishi wa pilau ajuavyo bizari yake na iliki yake. Kuchanganya kwa maarifa ni ufundi, na kuchanganya ili kuficha ni jambo jingine. Mimi siombi watu waache kuchanganya. Naomba zabibu ya Makutupora ijulikane kwanza peke yake, ndipo tujue itachanganywa na nini na kwa kiasi gani.

Wengine watasema kwamba zabibu hii ni ya kazi tu, si ya heshima. Kwamba wenye kutaka divai nzuri wapande Syrah. Labda Syrah ya Dodoma ni nzuri, na ipandwe. Lakini mkulima mwenye ekari moja hawezi kung'oa mizabibu inayozaa na kungoja mipya ikue, kwa sababu ya sifa zilizoandikwa katika vitabu vya Ulaya. Tena hatuwezi kuihukumu zabibu ambayo mara nyingi tumeinywa ikiwa imefunikwa na sukari. Mpeni mtu nafasi ya kusema kabla ya kumhukumu.

Wa tatu watasema kwamba watu wa Laini Saba hawana fedha za divai. Ni kweli kwamba wengi hawana, wala sishauri mtu aache unga wa watoto akanunue chupa. Lakini kileo kinanunuliwa hapa kila siku, na mara nyingi ni kile kisichojulikana kilikotoka. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vijiji vya Mukuru hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 watu wengi walikufa tena kwa namna hiyo hiyo katika sehemu mbalimbali za Kenya. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa dukani chupa iliyoitwa "waini", kumbe ni spiriti, maji, sukari na rangi. Jina la zabibu peke yake si kinga ya sumu, maana mwongo huweza kuandika lolote. Lakini mnywaji aliyezoea kuuliza, "Hii ni zabibu gani, ilivunwa wapi, nani aliitengeneza?" hadanganyiki upesi kama yule anayeuliza bei tu.

Basi shauri langu ni hili, na naligawa kwa kila mtu fungu lake.

Kwanza, mkulima. Usichanganye vichala vya namna mbalimbali katika kreti moja. Ondoa zabibu zilizooza kabla ya kupeleka. Usivune kwa sababu jirani amevuna. Pima sukari, au mwombe bwana shamba akupimie. Mavuno ya kiangazi, ambayo ndiyo bora, yatengwe kwa divai yenye jina. Tena jiungeni katika chama ili mpate tangi safi, maana mwenye tangi anaweza kungoja bei, na mwenye kikapu hawezi.

Pili, mtengenezaji. Tengeneza walau pipa moja la Makutupora tupu, kavu, kila mwaka, na uandike juu ya chupa jina la zabibu, jina la kijiji na mwaka wa mavuno. Katika nchi za Ulaya divai haiwezi kuitwa kwa jina la zabibu moja isipokuwa sehemu 85 katika 100 ziwe za zabibu hiyo. Marekani ni sehemu 75. Kanuni kama hiyo ingemlinda mtengenezaji mwaminifu asishindane na mwongo.

Tatu, wakubwa wa serikali. Tanzania imekwisha kuonyesha njia katika kodi, kwa kuitoza divai ambayo zaidi ya sehemu 75 katika 100 zake ni zabibu za nchini ushuru mdogo kuliko divai ya kutoka nje. Hatua hiyo ililinda zabibu ya nyumbani kwa jumla. Hatua inayofuata iwe kulinda jina lake. Na sisi Wakenya, ambao tuna mizabibu yetu kule Naivasha, itatufaa kujifunza kwa jirani mwenye mavuno mawili kwa mwaka.

Nne, sisi wanunuzi. Unaponunua divai, ikiwa u mtu mzima na dini yako inakuruhusu, nunua kidogo, inywe na chakula, na uulize jina. Ukiambiwa "nyekundu tu", jibu kwamba hata mahindi siku hizi huuzwa kwa jina la mbegu yake.

Shemeji alikaa kwangu siku tatu. Siku ya kuondoka alinikumbusha swali lake, nikamjibu hivi: asiing'oe mizabibu yote. Nusu ekari aiache, aipogolee ili izae wakati wa kiangazi, aivune peke yake, na ampelekee yule mtengenezaji mdogo aliyeandika jina kwa kalamu. Nusu ya pili afanye kama njaa ya nyumbani itakavyomwamuru. Sikumwahidi utajiri, kwa kuwa bwana shamba mwenye kuahidi utajiri ni mwongo. Aliniaga kwa Kigogo, akapanda basi.

Wazee wetu walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nimeuheshimu mwiba huo wa hekima maisha yangu yote, lakini kwa habari ya zabibu hii naona haujatimia. Chema kisicho na jina hakijiuzi. Huuzwa na mwingine, kwa bei ya mwingine. Ile chupa ya pili iliisha jioni ile ile. Ile ya kwanza bado nusu yake imo kabatini, na hakuna jirani aliyeniuliza habari zake.